Umelipa, Lakini Si Lazima Apande

Wasee, video yangu iliyotazamwa zaidi tangu nianze hii kazi ni ya mtoto akilia. Ni ya sekunde 41. Ilifikisha watazamaji elfu mia tatu kabla sijaifuta. Wengi wenu mliiona, mkacheka, mkawatumia mabeste zenu. Siwalaumu, ilichekesha. Leo nataka niwaambie kilichokuwa nje ya kamera, kwa sababu Disemba inakaribia, mashine za kupanda zinarudi kwa viwanja vya mtaa, na najua mahali fulani kuna anko mwingine na simu yake anapanga kufanya kile nilifanya.

Mtoto ni wa sista yangu. Wakati huo alikuwa na miaka mitano. Nitamwita Kapteni, kwa sababu jina lake halisi nimelitoa kwa kurasa zangu na halirudi tena.

Ilikuwa tarehe 26 Disemba. Kama umelelewa Eastlands, hiyo siku unaijua. Chapati za jana zimekauka ukingoni, nguo mpya bado zina mikunjo ya dukani, na kila mtoto wa ploti amesimama mlangoni akiuliza, "Tunaenda wapi?" Kwa wazazi wetu jibu lilikuwa moja: Uhuru Park. Bustani hiyo ilifunguliwa 1969, na kama Wangari Maathai hangepiga kelele 1989, pengine leo pangekuwa na jumba la ghorofa 60. Mathe ana picha yangu pale, niko ndani ya mashua na koti la mtumba linalonifika magotini, nimenuna. Ndivyo wengi wetu tulivyoanza: mashua inayoenda polepole kwa maji, aiskrimu, picha moja, rudi nyumbani.

Halafu 2021 bustani ikafungwa ikarabatiwe, na sisi huku Umoja tukabaki na mashine zinazotufuata mtaani. Unaamka unapata lori limeshusha vyuma uwanjani. Jioni taa za rangi zinawaka, jenereta inanguruma, na mtoto wako hataki tena kusikia habari ya chakula. Kuna lile puto kubwa la kurukia. Kuna merigo, na simaanishi ile ya akina mama ya kuchangiana pesa, namaanisha ile ya farasi wa plastiki. Na kuna mashua. Si ya majini. Hii imening'inia kwa nguzo za chuma, na injini inairusha mbele na nyuma kama bembea ya majitu, mpaka wa huku wanaangalia mbingu na wa kule wanaangalia mchanga.

Kapteni alitaka puto. Alisema mara tatu. Mimi nilitaka mashua, kwa sababu puto haina video. Nikalipa soo mbili kila mtu, tukapanga laini. Tulipofika kwa ngazi akashika suruali yangu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Anko, mimi sitaki hii."

Nikamwambia, "Nimelipa tayari."

Hakuna mtu alimpima urefu. Kijana wa mashine alihesabu pesa, akatuonyesha benchi, akashusha chuma. Nilichagua ya nyuma kabisa, kwa sababu benchi za mwisho ndizo hupanda juu zaidi. Za katikati huwa na afadhali. Sasa elewa hicho chuma. Ni kimoja tu, kinapita mapajani mwa kila mtu aliyekaa kwa hiyo benchi. Kikishuka kinagota kwa mwenye mapaja manene kuliko wote, na siku hiyo huyo alikuwa mimi. Kwangu kilibana. Kwa Kapteni kilibaki kinaelea, ungepitisha mkate mzima kati yake na miguu yake. Nilimshika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na simu.

Mashua ikifika juu kabisa huwa inatulia kidogo kabla ya kurudi. Hapo kiti kinaanza kuanguka, wewe unaanguka nacho, na tumbo linaonekana limebaki nyuma. Mtu mzima anaipenda hiyo hisia kwa sababu anajua itaisha. Ameshapanda, ameshashuka, ameshaona wengine wakishuka wakicheka. Mtoto wa miaka mitano ambaye hajawahi kupanda chochote hana hiyo habari. Kwake dunia imevunjika na hakuna aliyemwambia itarekebishwa lini. Kapteni alipiga kelele maneno ambayo mlikuja kuyajua nyote: "Anko, mwambie isimame! Mwambie isimame!" Nami nikageuzia kamera uso wangu nikacheka.

Aliposhuka alikuwa amejikojolea. Hiyo sehemu niliikata. Na nilijiona mtu poa sana kwa kuikata.

Januari shule zikafunguliwa. Wiki ya kwanza tu, mtoto mmoja wa darasa lao akamwambia "Mwambie isimame" wakiwa kwa laini ya uji, na darasa lote likaangua kicheko. Kumbe ndugu zao wakubwa walikuwa wameiona. Kapteni akaanza kukojoa kitandani tena, kitu alikuwa ameacha akiwa na miaka mitatu. Sista alinipigia simu, hakupaza sauti, akasema, "Wewe ulipata watazamaji. Mimi nimepata godoro la kuanika kila asubuhi." Akakata. Tulikaa karibu miezi miwili bila kuongea, na sisi ni wawili tu kwa mathe wetu.

Lakini kitu kilichonimaliza si hiyo simu. Ni siku nilienda kwao kuomba msamaha, nikainama nimbebe Kapteni mabegani kama nilivyozoea. Alikuwa anapenda hiyo kitu kuliko keki. Akarudi nyuma hatua moja akaniuliza, "Utanishusha nikisema?"

Hapo niliifuta video, nikaanza kujiuliza vizuri: hivi mtoto huanzishwa vipi hizi vitu? Kwa sababu jibu la sista lilikuwa "asipande chochote tena," na kusema ukweli hilo pia sikulikubali.

Wengine wetu tusijifanye. Utoto wetu wote ulikuwa ni kutafuta kizunguzungu. Nikiwa na miaka minane tulikuwa tunakata jerikeni ya lita 20, tunaikalia, tunateremka nayo mtaro ukiwa umekauka. Mkokoteni wa muuza maji ukiachwa bila mwenyewe, ndani ya dakika moja una watoto sita na uko mbioni. Kuna mtafiti wa Norway anaitwa Ellen Sandseter ambaye mwaka 2007 aliipanga michezo ya hatari ya watoto katika mafungu sita: kupanda juu sana, kwenda kasi, kuchezea vyombo vikali, kucheza karibu na maji au moto, kupigana kwa mzaha, na kupotelea mbali na macho ya wakubwa. Nilisoma hiyo orodha nikacheka, kwa sababu hiyo ni Jumamosi moja ya kawaida Umoja, kabla ya saa sita mchana.

Mwaka 2011, yeye na mwenzake Leif Kennair waliandika kwamba michezo kama hii humsaidia mtoto kuzoea vitu anavyoogopa, hatua kwa hatua, mpaka woga wa kitoto unapungua. Angalia vile watoto wenyewe hufanya. Hakuna mtoto huanza na mteremko mrefu. Anaanza na ule wa chini, anashuka, anaangalia kama bado yuko hai, anarudi hatua tatu juu zaidi. Akiona leo hapana, anakaa kando anashangilia wengine. Yeye ndiye anajipimia dawa. Kwa ile mashua, aliyempimia Kapteni dawa ni mimi, na nilimpa chupa nzima.

Tena msidhani kitu lazima kiwe kikubwa ndio kisisimue. Ile reli ya mchezo iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884 ilikuwa inaenda kama kilomita 10 kwa saa. Kilomita kumi! Mkokoteni wetu ulikuwa unaishinda. Na watu wazima, na kofia zao, walipanga laini kulipa senti 5 na kushuka wakihema. Walisisimka kwa sababu ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza. Mtoto wako pia ni mara yake ya kwanza. Farasi wa plastiki anayezunguka polepole, kwa mtoto wa miaka minne, ni ndege ya kivita.

Sasa shida yetu ya Eastlands iko hapa, na hii naomba tuongee bila kuficha. Mtoto anahitaji vitu vidogo vingi kabla ya kikubwa kimoja, na vile vidogo tumevimaliza. Mitaa ya zamani ilikuwa na nafasi. Nenda Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, uone nyumba za chini na uwanja katikati. Halafu nenda Pipeline uangalie juu: ghorofa saba, nane, zimekaribiana mpaka jirani anaweza kukupitishia chumvi dirishani. Mtoto wa huko bembea yake ni lango la ploti, na uwanja wake ni ngazi au paa lenye kamba za nguo. Anafokewa kote. Kwa hivyo anakaa mwaka mzima bila kupanda kitu, halafu siku moja ya Disemba anatolewa sifuri na kupelekwa moja kwa moja kwa mashua.

Na pesa inaharibu zaidi. Soo mbili si mchezo kwa nyumba nyingi huku. Ukiwa na watoto watatu, hiyo ni unga, mboga na nauli. Kwa hivyo mzazi akishalipa anataka aone raha, na aione sasa hivi. Mtoto akisita tunaona kama anatupa pesa zetu kwa mtaro. "Nimelipa tayari" si maneno ya mtu mbaya. Ni maneno ya mtu ambaye hiyo pesa ilimuuma kuitoa. Lakini nimekuja kuamini ndiyo maneno hatari zaidi kwa uwanja mzima, kushinda bolti iliyolegea, kwa sababu ndiyo humfanya mtoto apande kitu ambacho mwili wake na akili yake vyote vimekataa.

Pia kuna hii ya "mwanaume halii." Kapteni alipoanza kulia, buda mmoja nyuma yetu alisema, "Wacha azoee, awe mwanaume." Ana miaka mitano, buda. Na hakuzoea. Alichojifunza siku hiyo ni kwamba ukiogopa na useme, watu wako watacheka.

Turudi kwa mwaka uliofuata. Kapteni alikuwa ametimiza sita. Mwanzoni mwa Oktoba nikamwomba sista nimpeleke Shoo ya Jamhuri. Aliniangalia muda mrefu. Akasema, "Simu inabaki hapa." Nikaiacha juu ya friji. Mimi, mtu wa kontenti, nikatoka nyumbani bila simu, nimebeba noti mfukoni kama mzee wa kijiji.

Tulishuka tao, tukatembea hadi stage ya Ngong Road, tukafika Jamhuri kukiwa kumejaa watoto wa shule wenye sare za rangi zote. Kwanza tuliona fahali. Kapteni alisimama mbele ya fahali mmoja mkubwa kama probox na akakataa kuondoka. Tukala mahindi. Tukafika upande wa mashine, na nikahisi mkono wake ukikaza kwa wangu.

Nilichuchumaa nikamwambia mambo mawili tu. Moja, ukisema hapana ni hapana, hata kama nimelipa. Mbili, ukiwa ndani na uinue mkono, mashine itasimama. Kisha nikamwendea kijana aliyekuwa akiendesha merigo, nikamweleza, huku Kapteni akisikiliza. Kijana akasema, "Hakuna noma, mimi sitoi macho kwake." Akamwonyesha Kapteni ile swichi, nyekundu, ya kuzima.

Kapteni hakupanda. Alikaa kwa nyasi akaangalia. Nikiwa zamani ningemharakisha. Nilikaa naye. Baada ya muda akasema, "Anko, inazunguka mara kumi na mbili halafu inasimama." Alikuwa anahesabu. Mimi na miaka yangu 23 sikuwahi kufikiria kwamba kitu mtoto anatafuta ni kujua mwisho uko wapi.

Tukaenda kuona mbuzi. Tukarudi. Akasema, "Sasa." Nikalipa. Akachagua farasi mweupe, akafungwa mkanda, nikauvuta kuona kama umeshika. Raundi ya kwanza uso ulikuwa mgumu kama simiti. Ya pili vilevile. Ya tatu akainua mkono.

Kijana akabonyeza swichi. Merigo ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Watoto wengine walinung'unika, mama mmoja akaniangalia vibaya. Kapteni akashuka, macho makavu kabisa, akatembea mpaka nilipokuwa, akasema, "Nilitaka tu kujua kama itasimama kweli."

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza kama tuende nyumbani. Akasema hapana, lipa tena. Hiyo ya pili alimaliza zote kumi na mbili, na kwa raundi ya tisa hivi alitoa mkono mmoja akanipungia. Sina picha ya hiyo. Niko nayo kichwani tu, na sista hajawahi kuiona, lakini alimsikiliza Kapteni akisimulia mpaka uji ukamwagika.

Kwa hivyo hii ndiyo maoni yangu, na mnaruhusiwa kunipinga. Watoto wapande. Wapande wakiwa wadogo, lakini vitu vidogo: bembea ya kamba, mabega ya anko, farasi wa plastiki. Kikubwa kina siku yake. Mtoto akikaa nje kuangalia, hajapoteza muda wako, anafanya hesabu. Langoni kukiwa na kipimo cha urefu, usimwambie mtoto asimame kwa vidole ndio apite; hicho kipimo hakihusu umri wala ujasiri, kinahusu ukubwa wa mwili ambao chuma na mikanda vilitengenezewa. Kama hakuna kipimo, pima mwenyewe: chuma kishushwe, weka mkono kati yake na mapaja ya mtoto. Ukiona nafasi kubwa, shukeni, na hizo soo mbili ziende. Mwenye mashine akikataa kukwambia anaisimamisha vipi katikati, pia shukeni. Na mpangie ishara kabla ya kupanda, halafu uiheshimu akiitumia, hata kama watu wote wanakuangalia.

Kuhusu simu sitawahubiria, maana mimi ndiye nilikuwa nayo. Nitasema tu kwamba mtoto anahitaji mikono yako miwili.

Mashua bado Kapteni hajapanda. Nilimuuliza juzi, ana miaka saba sasa, akafikiria, akasema labda akifika darasa la nne. Sawa, tutangoja. Ile video nayo haijafa. Niliifuta kwangu, lakini kuna mtu aliihifadhi, akaiwekea muziki, na wiki iliyopita ilinijia kwa simu yangu mwenyewe kutoka kwa msee hata simjui. Sauti ni ileile: "Mwambie isimame." Nimeripoti mara nne. Ikikufikia, tafadhali usimpelekee mwingine. Ikomee kwako.